Uso wa Mwana-Kondoo uliofichwa karibu miaka 500: jinsi laboratwari ilivyousoma mchoro wa Ghent

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2020, katika kanisa kuu la Mtakatifu Bavo mjini Ghent, Ubelgiji, watu walirudi kuangalia mchoro wanaoujua tangu utoto wao, na wengi walishtuka. Mwana-Kondoo anayesimama juu ya altare, damu ikimtoka kifuani na kuingia katika kikombe, hakuwa tena na uso ule waliouzoea. Zamani alikuwa na sura ya kondoo wa kawaida, mpole, macho yako pembeni, hamtazami mtu yeyote. Sasa macho yako mbele, yamekaribiana, yanamkazia anayemwangalia kama mtu anayeuliza swali na kungoja jibu. Picha zake zilizunguka katika simu za dunia nzima. Kuna waliocheka, kuna waliosema mafundi wameharibu urithi.

Lakini huo si uso mpya. Ndio uso wa kwanza, uliochorwa kabla ya mwezi wa tano wa mwaka 1432. Ule uliozoeleka ndio uliowekwa juu yake baadaye, na mkono mwingine, katika karne ya 16. Maana yake ni kwamba kwa karibu miaka 500 waamini walisali, mapadri walihubiri na wataalamu waliandika vitabu mbele ya uso ambao mchoraji mwenyewe hakuuchora.

Basi walijuaje? Kuondoa rangi iliyokaa karne nyingi ni kazi isiyo na kurudi nyuma. Ukikwangua ukakuta chini hakuna kitu, umepoteza vyote viwili: cha juu umekiondoa mwenyewe, na cha chini hakipo. Ndiyo sababu hadithi ya Mwana-Kondoo wa Ghent ni hadithi ya laboratwari kama vile ni hadithi ya kanisa.

Mchoro huo hauko kwenye kitambaa. Umechorwa juu ya mbao za mwaloni, zilizounganishwa kwa bawaba kama milango ya kabati. Siku za kawaida ulifungwa, siku za sikukuu ulifunguliwa. Ukiwa wazi unafika karibu mita 3 na nusu kwa kimo na mita 4 na nusu hivi kwa upana. Uliagizwa na tajiri mmoja wa mji, Joos Vijd, pamoja na mke wake Elisabeth Borluut. Hubert van Eyck ndiye aliyeuanza, akafariki mwaka 1426. Ndugu yake Jan akaumaliza, na maandishi yaliyo kwenye fremu yanataja tarehe 6 mwezi wa tano 1432. Katikati ya yote yuko Mwana-Kondoo wa Mungu, yule yule anayeimbwa katika kila misa kabla ya komunyo, Ghent kama Bukavu, na pande zote makundi ya watu yanamjia: mitume, mashahidi, mabikira, mahujaji, wapanda farasi.

Mchoro huo umehamishwa na kufichwa mara nyingi kuliko mchoro mwingine wowote mkubwa wa Ulaya, au karibu hivyo. Safari hizo zinafaa kusimuliwa, kwa sababu kila moja iliacha alama ambayo baadaye mafundi walilazimika kuisoma.

Mwaka 1566, wakati Waprotestanti wenye hasira walipovunja sanamu na michoro ya makanisa, mbao hizo zilipandishwa na kufichwa ndani ya mnara wa kanisa. Mwaka 1781 Kaizari Joseph wa Pili alipita Ghent, akaona Adamu na Hawa wako uchi, hakupendezwa, wakaondolewa. Baadaye sana kanisa liliwekewa nakala ambamo Adamu na Hawa wamevishwa ngozi za wanyama, na nakala hizo zipo mpaka leo kwa anayetaka kucheka kidogo. Mwaka 1794 majeshi ya Ufaransa yalichukua mbao za katikati yakazipeleka Paris. Zilirudi mwaka 1815, baada ya Napoleon kushindwa Waterloo. Mwaka uliofuata wenye kanisa wenyewe waliuza mbao za pembeni kwa mfanyabiashara, na kutoka mkono hadi mkono zikaishia kwa mfalme wa Prusia, Berlin. Mwaka 1822 moto uliwaka katika kanisa la Ghent, na mbao zilizobaki nyumbani zikaumia.

Huko Berlin, mwaka 1894, lilifanyika jambo ambalo leo fundi yeyote angelikataa. Mbao za pembeni zilikuwa zimechorwa pande zote mbili, mbele na nyuma. Jumba la makumbusho lilitaka wageni waone pande zote kwa wakati mmoja. Basi wakapasua kila ubao kwa msumeno, katikati ya unene wake, kama mtu anayepasua mkate, ubao mmoja ukawa mbili.

Vita vya kwanza vya dunia vilipofika Ghent mwaka 1914, padri mmoja wa kanisa hilo, Gabriel Van den Gheyn, hakungoja. Mbao zilizokuwa kanisani zilifungwa katika masanduku, zikapakiwa kwenye mkokoteni na kufunikwa kwa vyuma chakavu na takataka, zikapita barabarani mbele ya macho ya watu mpaka katika nyumba za kujificha. Ni kama mtu wa Goma angepitisha mali ya kanisa juu ya chukudu chini ya magunia ya makala. Wajerumani waliuliza sana. Waliambiwa mchoro umekwisha pelekwa Uingereza.

Baada ya vita, mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaja kazi hiyo kwa jina: kifungu cha 247 kilidai Ujerumani irudishe mbao za Berlin, ziwe sehemu ya fidia kwa Ubelgiji. Wajerumani wengi walilalamika kwamba hizo zilinunuliwa kwa pesa, hazikuibwa, na hapo walikuwa na hoja. Lakini zilirudi, na mwaka 1920 mchoro wote ukawa tena pamoja. Haukukaa hivyo kwa muda mrefu. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 mwezi wa nne 1934, mwizi aliingia kanisani akachukua ubao wa chini upande wa kushoto. Kwa kuwa Berlin walikuwa wameupasua, ulikuwa sasa vipande viwili: upande mmoja Waamuzi wa Haki wakiwa juu ya farasi, upande mwingine Yohane Mbatizaji. Barua zilianza kuja, zikidai franka milioni moja za Ubelgiji. Ili kuonyesha kwamba hadanganyi, mwizi alimrudisha Yohane Mbatizaji: alikutwa mahali pa kuachia mizigo katika stesheni ya treni, Brussels. Waamuzi hawakurudi.

Mwaka 1940 Ubelgiji ilivamiwa tena. Mchoro ulipelekwa Pau, kusini mwa Ufaransa, ili ukae salama. Mwaka 1942 Wajerumani waliukuta huko wakauchukua, kwanza mpaka ngome ya Neuschwanstein, kisha ndani ya mgodi wa chumvi wa Altaussee, Austria, pamoja na michoro mingine zaidi ya 6,500. Vita vilipokuwa vinaisha, gavana wa chama cha Nazi wa eneo hilo, August Eigruber, alitaka mgodi ulipuliwe ili adui asipate kitu. Masanduku manane yaliingizwa ndani yakiwa yameandikwa kwamba ni mawe ya marumaru. Ndani ya kila moja kulikuwa na bomu la ndege la kilo 500. Wachimbaji wa mgodi walipojua, wao pamoja na wakubwa wao wa kazi waliyatoa masanduku usiku, wakaziba milango ya mashimo kwa baruti kidogo ili mtu asiingie tena. Mgodi ndio uliokuwa unawalisha. Wanajeshi wa Marekani walifika siku chache baadaye, na mwezi wa nane 1945 mchoro ulikuwa Brussels.

Hapa ndipo anaingia mtu anayestahili kujulikana zaidi, Paul Coremans. Alikuwa Mbelgiji, mwanakemia, si mchoraji. Wakati wa vita, wakati wengine wanafikiria namna ya kuficha vitu, yeye aliongoza kazi ya kuvipiga picha: makanisa, sanamu, madirisha, michoro ya nchi nzima, picha zaidi ya laki moja, ili bomu likianguka ibaki angalau alama ya kile kilichokuwepo. Laboratwari aliyoiongoza Brussels ndiyo iliyozaa Taasisi ya Kifalme ya Urithi wa Sanaa, ambayo leo bado inafanya kazi hiyo.

Coremans alijulikana kwanza kwa kesi iliyosisimua Ulaya. Mwaka 1945 mchoraji Mholanzi, Han van Meegeren, alikamatwa kwa sababu mchoro uliosemekana ni wa Vermeer, wa karne ya 17, ulikuwa umefika mikononi mwa Hermann Göring, mkubwa wa Nazi. Shtaka lilikuwa la kushirikiana na adui. Van Meegeren akajitetea kwa njia ambayo hakuna aliyeitegemea: alisema hakuuza urithi wa taifa, kwa kuwa mchoro huo si wa Vermeer, aliuchora yeye. Nani angeamini? Tume ya wataalamu ikaundwa, Coremans akiiongoza. Ndani ya rangi walikuta gundi ya plastiki ya aina ya bakeliti, kitu cha karne ya 20. Na katika mchoro wa Göring walikuta buluu ya kobalti, rangi iliyotengenezwa na mwanakemia Mfaransa Louis-Jacques Thénard mwaka 1802, miaka zaidi ya 120 baada ya Vermeer kuzikwa. Watu wa Kolwezi na Lubumbashi wanaijua kobalti kwa sababu ya betri na lori za mizigo. Katika kesi ile ilikuwa shahidi. Mwaka 1947 Van Meegeren alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa kughushi, na akafariki kabla ya mwaka huo kwisha.

Mambo ya namna hii yanawezekana kwa sababu rangi si rangi tu. Zamani mchoraji hakununua kopo dukani. Alisaga mawe, udongo na madini kuwa unga, akachanganya na mafuta ya kitani. Nyeupe ilitoka kwenye risasi. Nyekundu kali ilitoka kwenye zebaki na kiberiti. Buluu ya bei ghali kuliko zote ilitoka kwenye jiwe la lapisi lazuli lililosafirishwa toka milima ya Afghanistan, na buluu ya bei nafuu ilitoka kwenye azuriti, jiwe la shaba, ndugu wa malakiti ile ya kijani ambayo mafundi wa Katanga wanachonga shanga na vidani. Njano ya Van Eyck, ile inayofanya nguo za malaika zing'ae kama dhahabu, ina risasi na bati. Bati ni chuma kinachotoka kwenye kasiteriti, na Walikale hakuna haja ya kumweleza mtu kasiteriti ni nini. Bati ya Van Eyck haikutoka huko, ilitoka Ulaya, lakini ni chuma kile kile. Njano hiyo iliachwa katika karne ya 18 ikasahaulika kabisa, hata wataalamu hawakujua kwamba iliwahi kuwepo, mpaka mwaka 1941 Mjerumani Richard Jakobi, huko Munich, alipoikuta bati ndani ya njano za michoro ya kale.

Kwa hiyo kila rangi ina umri wake. Buluu ya Prusia haikuwepo kabla ya mwanzo wa karne ya 18. Nyeupe ya titani haikuuzwa kabla ya karne ya 20 kuanza. Ukiikuta titani ndani ya mchoro wa mwaka 1432, unajua kuna mtu alipita hapo akiwa na brashi, na unajua hakupita zamani sana.

Mwaka 1950 na 1951, wakati Kongo bado iko chini ya Ubelgiji, Coremans na wenzake waliuweka mchoro wa Ghent katika laboratwari. Mbao nyingine rangi zake zilikuwa zinaanza kubanduka, baada ya mgodi na safari zote zile. Walitumia eksirei, ile ambayo katika hospitali zetu watu wanasema wamepigwa radio. Risasi iliyo ndani ya rangi nyeupe inazuia miali hiyo kama mfupa unavyoizuia, kwa hiyo picha inaonyesha mahali nyeupe ilipo hata kama imefunikwa. Walipiga picha pia kwa mwanga wa infraruji, usioonekana kwa macho, ambao unapenya rangi nyingi na kuonyesha mistari myeusi ambayo mchoraji aliichora kwanza kabla ya kupaka. Na walichukua vipande vya rangi vidogo kuliko kichwa cha pini, wakavitazama kwa ubavu chini ya mikroskopi.

Hilo la mwisho ni rahisi kulielewa kwa mtu aliyewahi kuona ukuta wa nyumba ya udongo uliobomoka upande mmoja. Unaona fito, unaona udongo wa kwanza, udongo laini, chokaa, kisha rangi ambayo mwenye nyumba alipaka juzi. Mchoro wa Ghent ni hivyo: ubao, chokaa iliyochanganywa na gundi ya ngozi za wanyama, michoro ya mstari, tabaka nyembamba za rangi ya mafuta, vanishi. Kama juu ya vanishi iliyozeeka kuna rangi nyingine, na juu yake vanishi nyingine, basi kuna fundi wa pili. Kama rangi ya juu imeingia ndani ya nyufa za rangi ya chini, basi ya chini ilikuwa imekwisha zeeka na kupasuka wakati ya juu ilipopakwa. Hakuna mtu wa kumuuliza, lakini tabaka zinajibu zenyewe.

Waliona kwamba kuzunguka kichwa cha Mwana-Kondoo kuna kijani kilichoongezwa. Wakakiondoa. Chini yake yakatokea masikio. Tatizo ni kwamba Mwana-Kondoo alikuwa tayari na masikio mawili, yale yaliyochorwa na fundi wa karne ya 16 juu kidogo ya yale ya kwanza. Uso wenyewe hawakuugusa. Hivyo tangu mwaka 1951 mpaka kazi ya juzi, Mwana-Kondoo maarufu kuliko wote duniani alikuwa na masikio manne. Watu walikuja, walitazama, walipiga picha, wakarudi nyumbani.

Mtu anaweza kuwalaumu Coremans na wenzake kwa kuishia njiani. Afadhali kuwashukuru. Vifaa vyao havikuweza kuwaambia ni kiasi gani cha uso wa kwanza kimebaki, na mtu asiyejua kilicho chini hana haki ya kuondoa kilicho juu. Pia fundi wa karne ya 16 hakuwa mjinga. Alitumia risasi nyeupe ile ile, zebaki ile ile, shaba ile ile, na alifuata umbo la mchoro wa kwanza karibu kila mahali. Inajulikana kwamba mwaka 1550 wachoraji wawili wakubwa wa wakati huo, Lancelot Blondeel na Jan van Scorel, waliitwa kuusafisha na kuukarabati mchoro. Waliopaka juu katika karne hiyo hawakuwa waharibifu. Waliona mchoro wenye miaka zaidi ya mia, umechoka, umeguswa vibaya na mafundi wengine, wakaufanyia kile walichoona ni cha heshima.

Kazi mpya ilianza mwezi wa kumi 2012. Mbao zilipelekwa kwa zamu katika jumba la makumbusho ya sanaa la Ghent, ndani ya chumba chenye ukuta wa kioo, kusudi wananchi wapite na kuona. Mpango wa kwanza ulikuwa wa kiasi tu: kuondoa vanishi iliyogeuka njano. Lakini vanishi ya mbao za nje ilipotoka, mafundi waliona kwamba walichodhani ni Van Eyck, kwa sehemu kubwa si Van Eyck. Takribani asilimia 70 ya mbao hizo za nje ilikuwa imepakwa juu.

Hapo kazi ilisimama ili watu wafikiri. Wataalamu wa nchi mbalimbali waliitwa. Swali lilikuwa zito kwa kweli: rangi ya mwaka 1550 nayo ni historia, nayo imetimiza karne nne na nusu, nani ana haki ya kuifuta? Na Coremans, bingwa wa laboratwari, hakuwa ameiona kwa ukubwa wake. Je, wao wa leo wana uhakika?

Uhakika ulitoka kwenye mashine. Chuo Kikuu cha Antwerp, ambako Geert Van der Snickt na Koen Janssens wanafanya kazi, kilileta kifaa cha eksirei kinachopita juu ya mchoro polepole, nukta baada ya nukta, saa nyingi, bila kuugusa. Namna kinavyofanya kazi, msikilizaji wa redio anaweza kuielewa kuliko mtu mwingine. Miali ya eksirei inapogonga rangi, kila elementi iliyomo inajibu kwa kutoa miali yake yenyewe, kwa kipimo chake ambacho hakifanani na cha nyingine. Ni kama stesheni za redio: kila moja ina masafa yake. Zebaki inatangaza kwenye masafa yake, shaba kwenye yake, risasi kwenye yake, bati vilevile. Kifaa kinasikiliza zote kwa pamoja, kisha kompyuta inachora ramani moja kwa kila elementi: hapa kuna shaba, hapa hakuna. Na kwa kuwa miali inatoka pia katika tabaka za chini, ramani inaonyesha maumbo ambayo jicho halioni juu.

Timu ya National Gallery of Art ya Washington, Marekani, akiwemo John Delaney na Kathryn Dooley, ilileta njia nyingine, ya mwanga wa infraruji, ambayo inatofautisha rangi zenye elementi zinazofanana lakini zisizojengwa kwa namna moja. Njia moja peke yake isingetosha, kwa sababu mafundi wa karne zote mbili walitumia madini yale yale. Ramani za njia zote mbili zilipowekwa pamoja, Mwana-Kondoo wa kwanza alionekana kabla ya mtu yeyote kushika kisu: macho mengine, masikio ya chini, midomo mingine, mgongo na sehemu ya nyuma ya mwili visivyolingana na vya juu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science Advances. Na vipande vya ubavu chini ya mikroskopi vilithibitisha jambo la maana kuliko yote: kati ya rangi mbili kuna vanishi ya zamani na uchafu. Maana yake rangi ya juu inaweza kutengana na ya chini, na ya chini, isipokuwa sehemu ndogo, ipo nzima.

Uamuzi ukatolewa: ya juu iondoke. Timu ya Taasisi ya Kifalme, ambayo baadaye iliongozwa na Hélène Dubois, ilifanya kazi hiyo chini ya mikroskopi kwa dawa za kulainisha na kisu kidogo kama cha daktari wa upasuaji, sentimita chache kwa siku. Mbao za nje zilimalizika mwaka 2016. Za chini upande wa ndani, pamoja na Mwana-Kondoo, mwishoni mwa 2019. Vijiji na minara iliyokuwa imezimwa chini ya rangi ya mbingu ilitokea tena nyuma ya altare. Nguo zilipata mikunjo yake. Na uso ule ukatazama watu.

Waliocheka walisema unafanana na uso wa mtu. Ni kweli unafanana. Jan van Eyck alijua kuchora mnyama sawasawa, farasi walio katika mchoro huo huo ni ushahidi, kwa hiyo hakushindwa. Alitaka Mwana-Kondoo huyo amtazame mwamini machoni. Fundi wa karne iliyofuata huenda aliona ni kupita kiasi, akampunguza, akampa sura ya kondoo wa shambani. Ukiweka picha mbili bega kwa bega, wa zamani wa mwaka 1432 ndiye mwenye nguvu.

Anayetaka kujionea anaweza kufanya hivyo hata kwa simu, mahali popote penye mtandao mzuri, kwa kuwa picha zote za kazi hiyo, za kawaida, za eksirei na za infraruji, ziliwekwa wazi kwa umma, na mtu anaweza kukuza mpaka akaona ufa mmoja mmoja wa rangi.

Mbao za juu za upande wa ndani zilianza kushughulikiwa mwaka 2023, tena nyuma ya kioo, katika jumba lile lile la makumbusho. Chini kushoto, mahali pa Waamuzi wa Haki walioibwa mwaka 1934, kuna nakala iliyochorwa na Jef Van der Veken wakati wa vita vya pili, juu ya ubao mkongwe aliouokoa kutoka kwenye kabati la kale. Mmoja wa waamuzi alimpa sura ya mfalme wa Ubelgiji wa wakati huo, Leopold wa Tatu. Ule wa kweli haujaonekana, na polisi ya Ghent bado haijalifunga faili.